Rangi ya mlango wa mbele kwa nyumba ya Tanga: namna ya kuichagua isije ikakujutisha

Mlango wa nyumba ya mama, kule Ngamiani, niliupaka nyekundu. Nyekundu ya kuwaka, ile ya pilipili iliyoiva. Niliichagua dukani, kadi ya rangi mkononi, chini ya taa ya tyubu, na hata dakika tano sikutumia. Siku ya kwanza wapita njia walisimama kuutazama. Ilipofika kaskazi ya pili, nusu ya chini ilikuwa imepauka ikawa kama fizi, na nusu ya juu, iliyofichwa na ukingo wa bati, bado ni nyekundu ileile. Mama hakusema neno. Alitundika pazia kwa nje, basi. Pazia lile liliniuma kuliko maneno.

Tangu hapo nimesaidia kuchagua rangi za milango ya ndugu na majirani kadhaa, na jambo moja nimelishika: rangi ya mlango haichaguliwi dukani. Huchaguliwa mlangoni penyewe, jua, ukuta na vumbi vikiwapo. Dukani unakwenda kununua tu. Haya ndiyo ninayoyafanya, kwa utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya kwanza: mlango unatazama wapi?

Kabla ya kuwaza kijani au buluu, simama mlangoni uangalie jua linaupiga saa ngapi. Tanga ipo kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, wakati wa kusi, jua la saa sita limeelemea upande wa kaskazini. Miezi ya kaskazi linahamia kusini. Mlango unaotazama kaskazini au kusini una nafuu: jua linaujia kutoka juu sana, na ukingo mfupi wa bati au kibaraza unatosha kuukinga. Kazi ipo kwa milango ya mashariki na magharibi. Huko jua hushuka likaingia chini ya bati na kuupiga mlango usoni, wa mashariki asubuhi, wa magharibi kuanzia saa tisa mpaka linapozama. Mlango wa mama unatazama magharibi. Nilikuwa sijui kwamba hilo lina maana yoyote.

Lina maana mbili. Ya kwanza ni kupauka. Nyekundu kali, chungwa, zambarau na manjano ya kuwaka ndizo huwa za kwanza kukimbia, hasa zikiwa za bei ya chini. Rangi za udongo ni tofauti kabisa: nyekundu ya tofali, kahawia, manjano ya ugoro. Hizo huwa zimetengenezwa kwa oksaidi ya chuma, yaani kitu kilekile kinachoupa udongo wekundu wake, na jua halina cha kukiunguza tena pale. Buluu na kijani zilizokolea nazo huvumilia vizuri. Zikichanganywa na nyeupe nyingi zikawa hafifu, uvumilivu unapungua.

Maana ya pili ni joto. Rangi ya giza hulinyonya jua. Mlango wa chuma wenye rangi nyeusi tii, unaotazama magharibi, ukiushika saa kumi jioni unaondoa mkono haraka. Wa mbao hauchomi hivyo, lakini mbao hutanuka na kusinyaa, maungio hufunguka, na kama ni mbao laini za paini utomvu hutoka kwenye vifundo na kuivimbisha rangi. Kwa mlango wa magharibi usiokuwa na kivuli, mimi sasa siendi giza kupita kijani cha jani la mgomba.

Kama mwarobaini au mwembe wako unaufunika mlango mchana kutwa, soma aya hizi mbili kisha uzisahau. Wewe una uhuru ambao wengine hawana.

Hatua ya pili: kaa kwa jirani wa ng'ambo

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo ninayoipenda. Vuka barabara, bisha hodi, omba kuketi barazani kwa jirani anayetazamana na nyumba yako. Atakukaribisha, na pengine utapata kahawa. Itazame nyumba yako kama mgeni anavyoiona, kisha andika kwenye karatasi vitu ambavyo huna mpango wa kuvibadilisha: rangi ya bati, ya ukuta, ya sakafu ya baraza, ya nondo za madirishani, na ule mkanda wa chini ya ukuta unaopakwa rangi ya mafuta ili matope ya masika yasionekane. Mlango utaishi na hivyo vyote.

Ukuta ndio wenye neno kubwa zaidi. Ukuta mweupe pepepe wa chokaa, jua la saa saba, unang'aa kiasi cha kukufanya ukunje uso. Mlango uliomo katikati ya mng'ao huo huonekana wa giza kuliko ulivyo kweli. Buluu uliyoiona ya wastani dukani itakuja kuwa kama nili. Kwa hiyo, kwa ukuta mweupe, chukua iliyo hafifu kwa ngazi moja kuliko rangi uliyoitamani. Ukuta wa maziwa au wa krimu unapatana na kijani, kahawia na damu ya mzee, ila buluu kali hugombana nao. Ukuta wa matofali ya saruji usiopigwa lipu, ambao wengi wetu tunaishi nao miaka tukisubiri pesa ya lipu, watu hudhani hauwezi kupendezeshwa. Unaweza sana. Kijivu kile hupokea manjano ya bizari au rangi ya tofali vizuri kuliko ukuta wowote, na mlango mmoja uliopakwa vyema huifanya nyumba nzima ionekane ina mwenyewe.

Bati likiwa la rangi, usijaribu kulifananisha na mlango barabara. Bati jekundu limeshapigwa jua miaka mitatu. Wewe unaleta nyekundu mpya. Hazitalingana, na jicho litaona kutolingana huko kabla ya kitu kingine. Afadhali mlango ufuate ule mkanda wa chini, ambao unaweza kuupaka upya siku hiyohiyo kutoka kopo lilelile.

Ukiwa bado barazani kwa jirani, watazame na majirani wa pande zote mbili. Si lazima ufanane nao. Ila mlango wa kijani wenye fremu ya manjano, kwa nchi yetu, utaitwa Yanga au utaitwa chama, utake usitake, na mwekundu wenye fremu nyeupe ni Simba. Kama ndivyo unavyotaka, paka kwa furaha. Nyekundu ukutani na mlangoni pamoja itawaleta watoto kuulizia vocha, maana maduka mengi ya barabarani yamepakwa rangi za mitandao ya simu.

Hatua ya tatu: je, mlango huu upakwe?

Kuna milango isiyohitaji rangi kabisa. Kwangua kidogo sehemu iliyojificha, karibu na bawaba. Ukikuta mninga, mvule au msaji, fikiri mara mbili. Mbao hizo ghali zina rangi yake, na ukishazifunika kwa rangi ya mafuta, kuirudisha sura ile ni kazi ya wiki nzima ya msasa. Vanishi ya nje itazitosha, mradi uwe tayari kuipiga upya kila inapoanza kuchunika, na kwa mlango wa magharibi hiyo ni mapema.

Mlango wa kuchonga wa zamani ni habari nyingine. Hapa Tanga, Pangani na Bagamoyo bado ipo nyumba ya babu ambayo mfaa wake, ule mti wa katikati ya mlango, una maua, kizingiti kina maandishi, na mabawa yana misumari ya shaba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja waziwazi mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa ni kitu kinacholindwa. Kabla ya kuugusa, waulize watu wa Mambo ya Kale. Nimeona mlango wa namna hiyo uliopakwa rangi ya mafuta mara nyingi hata michongo imejaa, majani ya ua hayatofautiki na vumbi. Uchongaji wa mtu aliyekaa na patasi miezi umefunikwa kwa kopo moja. Tafadhali, usifanye hivyo.

Hata mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu walipakia kila kitu, hayaufai mlango: hayakauki, hubaki yananata na kukusanya vumbi la barabara. Mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, hukauka. Ukiyatumia, vitambaa ulivyofutia vitandaze nje mpaka vikauke, usivikunjekunje ukaviacha kwenye ndoo, kwa sababu vinaweza kujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka moto.

Hatua ya nne: jaribu kwenye ubao

Kwa mlango unaopakwa, chagua rangi tatu tu. Ikizidi hapo utachanganyikiwa. Duka lenye mashine ya kuchanganyia litakutengenezea kopo dogo la kila moja. Wasipokubali, nunua kopo dogo kabisa walilonalo. Kadi ya rangi ni ndogo kama kidole na haina mng'ao wa rangi utakayopaka. Rangi ya kung'aa huonekana imekolea kuliko rangi ileile isiyong'aa, kwa hiyo jaribio lifanywe kwa mng'ao utakaotumia.

Tafuta vipande vya plaiwudi, upana wa nusu mita kwa nusu mita. Paka kwanza nyeupe ya chini, kisha mikono miwili ya kila rangi, yaani uipake mara mbili. Vikikauka, viegemeze mlangoni, kimoja kimoja, si vyote pamoja, kwa sababu rangi zikikaa jirani hudanganyana. Rudi kwenye baraza la ng'ambo. Tazama saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ya nje ikiwa imewashwa. Fanya hivyo siku tatu.

Kwa mama, mara ya pili, tulikuwa na kijani cha jani la mgomba, buluu, na damu ya mzee. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye damu ya mzee. Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Jioni, jua la magharibi lilipoipiga, ikawa kama kuni ya moto, nikawa nimeshaamua. Usiku tukawasha ile taa nyeupe ya barazani, na ubao ukawa mweusi. Haukuwa na wekundu hata chembe. Ulikuwa shimo ukutani. Nikausogeza, nikaugeuza, nikaufuta kwa khanga. Mweusi vilevile.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanangu, ule wa kijani nauona hata nikiwa kule kwa muuza mihogo. Huu wako unanipotea."

Macho ya mama si yale ya zamani. Mlango anaourudia kila magharibi ni lazima auone. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, na ubao wa plaiwudi ndio ulioliweka wazi. Kwa hiyo waite wote wanaoutumia mlango, hasa wazee, uwaulize wanaona nini wakiwa mbali. Kama umepanga, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuulizwa, kabla hata ya kununua brashi.

Angalia pia mikono na miguu. Mlango mweupe ni mzuri kwa joto, lakini nyumba yenye watoto huupa duara la uchafu kuzunguka kitasa na mistari ya miguu chini. Mweusi wa kung'aa huonyesha kila chembe ya vumbi na ule ukungu wa chumvi unaoletwa na upepo wa bahari. Rangi za kati zinasamehe.

Hatua ya tano: geti la nondo, fremu na kitasa

Nyumba nyingi za mjini zina milango miwili: wa nondo nje, wa mbao ndani. Watu huhangaika na rangi ya mbao, kisha nondo zikapigwa nyeupe au fedha. Matokeo yake jicho linasimama kwenye nondo na mlango hauonekani. Nondo za giza, kijivu kilichokolea au kahawia, huliruhusu jicho lipite. Zipake rangi moja na nondo za madirishani.

Fremu ifanane na mlango au na ukuta; rangi ya tatu hapo ni kelele. Kitasa na bawaba zifunikwe kwa karatasi ya gundi kabla ya kazi.

Hatua ya sita: kununua na kupaka

Mlango wa kawaida, sentimita 90 kwa 210, una mita za mraba zisizofika mbili kwa upande. Pande mbili, mikono miwili, ni kama mita nane. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita kumi kwa mkono mmoja, hivyo lita moja inatosha mlango na fremu yake. Usimruhusu mtu akuuzie kopo la lita nne kwa mlango mmoja. Tofauti ya bei hiyo iweke kwenye praima, ile rangi ya kwanza inayoshika mlango, na kwenye rangi bora zaidi. Ukienda kwenye nyekundu au manjano, ambazo hufunika kwa shida, waombe andakoti, yaani rangi ya kutanguliza chini, inayoelekeana nayo. Kijivu chini ya nyekundu hufanya kazi nzuri.

Jua rangi ya zamani ni ya aina gani. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua. Rangi ikitoka kwenye pamba ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta. Ukipiga ya maji juu ya ya mafuta inayong'aa bila msasa na praima, itachunika kama ngozi ya muhogo wa kuchemsha. Kama nyumba ni ya miaka mingi, usisugue msasa mkavu: rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza, tumia msasa wa maji, watoto wawe kwa shangazi siku hiyo, na takataka zote ukusanye.

Kisha osha. Mafundi wengi wa kwetu huliruka hili, na kwa mji wa bahari ndilo kosa kubwa. Upepo huacha chumvi juu ya mlango, na chumvi iliyofunikwa na rangi huvuta unyevu mpaka rangi inafura malengelenge. Sabuni, maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, suuza, acha ukauke kabisa. Mlango wa chuma ukishausugua kwa brashi ya waya, ufute vumbi ukiwa mkavu na upige redi oksaidi, praima ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Ukiuacha ulale, asubuhi kutu imerudi.

Januari na Februari ni miezi mizuri, na Juni hadi Septemba pia, ukichagua siku kavu. Masika acha. Anza saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka, lakini mlango wa mashariki ngoja mchana jua lihame, maana rangi ya mafuta ikipigwa juani hukauka juu kabla ya chini na alama za brashi hubaki. Mkono wa pili ni kesho yake.

Na ukingo wa chini wa mlango, ule usioonekana, upakwe. Ukingo wa juu pia. Mbao hunywa maji kupitia huko, kisha tunailaumu rangi. Mwambie fundi autoe mlango kwenye bawaba, na ukae naye mpaka umeuona ukingo huo umepakwa.

Rangi itakayobaki itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ijaze mpaka karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, na uiweke kivulini kwa ajili ya mikwaruzo. Ile karatasi ya dukani yenye namba ya mchanganyiko hupotea. Ya kwetu nimeinakili kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kabati la mama, pamoja na mwezi na mwaka. Pazia la nje alilitoa mwenyewe, akalikunja, na sasa lipo dirishani jikoni.